Tupeane uzoefu: kufikiri kwako kumebadilikaje tangu uvuke miaka thelathini?

Binti wa Igawilo
Wakuu, habari za jioni. Jana tulikuwa na kikao cha ukoo Tukuyu kuhusu shamba alilotuachia babu. Kaka zangu wamesoma, wakaja na hesabu kwenye kompyuta: miche ya parachichi kwa ekari, kilo, bei ya mnunuzi, kwa hiyo migomba yote ing'olewe. Hesabu ilikuwa safi, sikuona pa kuigusa. Mama mdogo, aliyeishia darasa la saba, akauliza kitu kimoja tu: "Mwaka ambao mnunuzi hakuja, watoto wa hapa watakula nini?" Watu wakanyamaza.

Nina miaka 34. Ningekuwa na 22 ningesimama na kaka zangu moja kwa moja. Jana nilielewa pande zote mbili na usingizi sikuupata. Ninyi wenzangu, mlianza lini kuona mambo hivi? Ni umri, ni shule, au ni kupigwa na maisha?

Mzee wa Mbozi
Sisi wa kahawa hayo tumeyapitia. Mama yako mdogo apewe kiti cha mbele.

Konda wa Soweto
Nimeweka kambi hapa.

Utingo Mstaafu
Dada umenikumbusha mbali. Nilikuwa utingo kwenye semi ya mbao, tunapakia Mafinga kupeleka Dar. Madereva wawili: kijana mmoja mkali wa usukani, na mzee wa Kihehe ambaye hata ujumbe wa simu alikuwa anasomewa. Siku hiyo tumechelewa, mwenye mzigo anapiga simu kila tukipata mtandao. Kijana ndiye kashika usukani.

Tulipofika juu ya Kitonga mzee akasema simama. Akashuka, akazunguka gari zima akipitisha kiganja karibu na kila ringi kusikia joto. Akapanda, akasema, "Gia nzito tangu hapa mpaka chini. Usibadilishe." Kijana akaanza kumpa hoja, na hoja zake zilikuwa na akili kweli: breki zimetengenezwa juzi, lami kavu, wenzetu wote wanateremka haraka, kila saa inayopotea ni hela ya mtu. Mzee hakujibu hata moja. Alisema tu, "Mimi nami nimo humu ndani. Fanya hivyo."

Tukashuka injini inalia. Kijana kanuna. Magari yanatupita yanatupigia honi. Kabla ya kona moja mbaya mzee akanyoosha kidole: "Majani." Tawi moja tu, limelala ukingoni mwa lami. Mimi nililiona pia, nikajua limedondoka kutoka mlimani. Yeye aliliona kwenye shina lake, limekatwa kwa panga, kwa hiyo kuna mtu kaliweka. Kijana akapunguza, tukaingia kona.

Ndugu zangu. Lori limekufa katikati, limeelekea juu, na basi linalipita limechukua upande wetu wote. Niliuona uso wa dereva wa basi. Nilimwona mama wa kiti cha mbele amefunika kichwa cha mtoto kwa mikono yote miwili. Semi ikasimama. Kati yetu na basi, mtu mwembamba angepita kwa ubavu. Kwa gia aliyoitaka kijana mbao zile zingetusukuma, na leo nisingekuwa naandika.

Tulipokuwa tunakula Ruaha Mbuyuni nilimuuliza mzee alijuaje. Akasema, "Sikujua. Ila pale kwenye kona nimeshaona vitu vingi vikija."

Konda wa Soweto
Hapo kwa mama na mtoto nimeacha kula.

Dereva wa Tunduma
Mbao mbichi au kavu? Na ekzosi breki, ile inayobana moshi wa injini kupunguza mwendo, ilikuwepo? Gia peke yake kwa mzigo ule haitoshi.

Utingo Mstaafu
Mbichi. Ekzosi breki ilikuwepo na inafanya kazi.

Dereva wa Tunduma
Basi sawa. Mbichi ni nzito balaa. Vijana wanaoshuka pale kwa mguu wa breki tu wanachemsha ngoma za breki, zikishachemka hazikamati tena.

Kijana wa Sokomatola
Stori nzito, nawapa pole. Ila hiyo siyo akili, ni mazoea. Mzee huyo mpeleke barabara asiyoijua, atakuwa sawa na mimi. Na wako wangapi wenye miaka mingi barabarani ambao bado wanapata ajali Mlima Nyoka?

Mzee wa Mbozi
Mazoea ndiyo akili yenyewe. Ukikua utaelewa.

Kijana wa Sokomatola
"Ukikua utaelewa" siyo hoja mzee wangu. Nimeuliza swali, naomba jibu.

Shangazi wa Njombe
Turudi kwenye mada jamani. Dada ameuliza shamba.

Mwalimu wa Kisomo
Kijana ana haki ya kujibiwa, na swali lake ni zuri. Raymond Cattell, mwanasaikolojia mzaliwa wa Uingereza aliyefanyia kazi Marekani, alitenganisha uwezo wa aina mbili. Upo wa kutatua jambo jipya ambalo hujawahi kukutana nalo, na upo unaotokana na ulichojifunza na kuishi nacho miaka mingi. Wa kwanza una nguvu ujanani. Wa pili unaendelea kukua mpaka utu uzima mkubwa. Mzee wa Kitonga alitumia wa pili. Kijana yuko sahihi kwamba kwenye barabara ngeni ungemsaidia kidogo tu, lakini kusema siyo akili, hapo nakataa.

K. Warner Schaie alianza mwaka 1956 kule Seattle kuwapima watu wazima, akawa anarudi kwao kila baada ya miaka 7. Kasi ya kushughulikia vitu ilianza kushuka mapema. Msamiati na uwezo wa kutoa hitimisho vilikuwa juu katika umri wa kati, na kwa wengi kushuka kwa maana kulionekana baada ya 60. Kubwa zaidi: ukimpima kijana na mzee siku moja kisha ukasema umri umemshusha mzee, unaweza kudanganyika. Kijana kasoma zaidi. Sehemu ya tofauti hiyo ni shule, siyo mvi.

Kijana wa Sokomatola
Hilo la shule sikulijua, asante mwalimu. Lakini kwenye vikao vyetu mzee akikosea hapingwi, na hilo linaniuma. Tulipoteza shamba Mbarali kwa sababu hakuna aliyethubutu kuuliza karatasi ziko wapi.

Mama wa Mafinga
Pole mwanangu. Mimi kuthubutu kuuliza nilikupata ukubwani. Nilisoma QT, ule mtihani wa sekondari wa wanaosoma nje ya shule, nina watoto wanne, usiku, baada ya kufunga genge. Kilichonibadilisha ni mwalimu wa historia. Kila ukijibu anakuuliza, "Umejuaje?" Mwanzo nilichukia, nikaona ananidhalilisha. Baadaye nikaanza kuuliza hivyo sokoni, kanisani, hata kwa mume wangu. Dalali akiniambia bei ya viazi Dar imeanguka, zamani nilikuwa nateremsha bei hapo hapo. Sasa namuuliza kasikia kwa nani na lini, halafu napiga simu mwenyewe. Lumbesa, gunia la kujaza kupita kipimo, sifungi tena. Kwa hiyo umri peke yake haukunipa kitu, ni kuulizwa.

Mzee wa Mbozi
Mume wako anavumilia.

Mama wa Mafinga
Anauliza na yeye siku hizi.

Mwalimu wa Kisomo
Nimefurahi sana kusoma hili. Nilifundisha kisomo cha watu wazima Rungwe miaka ya 70, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Baadaye nikasoma kazi ya Alexander Luria, Mrusi aliyekwenda Uzbekistan mwaka 1931 na 1932. Aliwauliza wakulima: kaskazini kwenye theluji dubu wote ni weupe, Novaya Zemlya iko kaskazini na ina theluji, dubu wa huko wana rangi gani? Wengi wa wasiojua kusoma walimjibu kwamba hawajafika huko, awaulize waliofika. Waliopata masomo hata kidogo walijibu kutokana na maneno aliyowapa. Darasani kwangu nilisikia majibu ya namna hiyo hiyo kwa akina bibi.

Shangazi wa Njombe
Mimi naona bibi huyo hakukosea. Kakataa kushuhudia asichokiona. Mngekuwa na bibi kama huyo Mbarali, karatasi zingeulizwa.

Kijana wa Sokomatola
Shangazi umemaliza.

Nesi wa Zamu
Samahani naingilia, kuna jambo linanitia hofu kila siku wodini. Kusahau jina la mtu likakujia baadaye, au kuchukua muda kuelewa simu mpya, hayo huja na umri. Lakini mzazi anapotea njia ya nyumbani kwake, hawezi kurudisha chenji aliyokuwa anarudisha miaka yote, anarudia swali lile lile, hapo msiseme "uzee huo". Mleteni hospitali. Presha na sukari zisizotibiwa zinaharibu ubongo. Usikivu ukishuka mtu hujitenga, nao ni hatari. Mama yangu tulimwita mbishi kumbe hasikii.

Konda wa Soweto
Mzee wangu wa Uyole anarudia maswali tangu mwaka jana. Kesho nampeleka.

Nesi wa Zamu
Nenda na dawa zote anazotumia, hata za mitishamba.

Dereva wa Tunduma
Dada wa shamba, uza nusu ununue Fuso.

Mzee wa Mbozi
Asiuze hata hatua moja!

Mwalimu wa Kisomo
Binti, William Perry aliwafuatilia wanafunzi wa Harvard akachapisha kitabu mwaka 1970. Wapo walioingia chuo wakiamini kila swali lina jibu moja analolijua mwalimu. Wakafika mahali wakaona kila mtu ana maoni yake tu. Waliosonga zaidi walichagua msimamo, wakijua sababu zake na wakijua unaweza kupingwa. Kuelewa pande zote mbili ni hatua nzuri, ila kikao bado kinakusubiri useme.

Binti wa Igawilo
Nimewasoma wote. Jumapili tunakutana tena. Nitasema parachichi zianze upande wa juu tu, migomba ya bondeni ibaki mpaka tuone mavuno ya kwanza, na kaka walete mkataba wa mnunuzi tuusome kwa sauti mbele ya mama mdogo. Mwalimu, na yeye anataka kusoma. Aanzie wapi?

Mwalimu wa Kisomo
Aende ofisi ya elimu ya kata, aulize madarasa ya watu wazima. Wilayani kuna afisa wa elimu ya watu wazima. Wakimzungusha kata, aende kwake.