Yule wa kapelo kasema mzee wangu alikwenda vitani kubeba BEGI LA OBOTE. Nishikeni!

Mtoto wa Mgambo:

Wakuu, natoka kijiweni sasa hivi, hata viatu sijavua. Mods msinihamishie uzi kule jukwaa la historia. Hii si historia, hii ni leo, saa kumi na moja na nusu jioni, kahawa bado ya moto.

Yule jamaa mnamjua. Jina msiniulize. Magomeni nzima ukisema "yule wa kapelo" hata paka anageuza shingo. Huyo ndiye mkuu wa majeshi yote ya duniani: Ukraine anaipanga yeye, Gaza anaipanga yeye, Kongo akipewa wiki moja anamaliza. Ila muuza kahawa akimkumbusha deni lake la vikombe sita, jemadari anakumbuka ana msiba Mbagala.

Leo dogo mmoja kauliza swali lake zuri tu: hivi kwenye vita ya Kagera, Amin wa Uganda tulipokwisha kumtoa kwenye ardhi yetu, kwa nini hatukurudi nyumbani? Tulikwenda Kampala kufanya nini? Nikaanza kumwelewesha taratibu. Nikamwambia mwanangu, tarehe 1 Novemba 1978 nduli alitangaza kwamba nchi yote mpaka mto Kagera ni ya Uganda. Kesho yake Mwalimu akatoka: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo.

Jamaa akapuliza kahawa. Akapiga funda. Akajifuta sharubu kwa mgongo wa mkono, polepole, kama kadhi. Akasema: "Na mgeni tunaye. Obote, rais wao aliyepinduliwa na Amin, alikuwa hapa hapa Dar tangu mwaka 1971, anakula samaki wetu. Vita ile ilikuwa ya kumrudisha kwake. Mzee wako alikwenda kubeba begi."

BEGI, wakuu. Kijiwe kikalipuka. Muuza kahawa kacheka mpaka birika limemtoka mkononi. Mzee mmoja wa miaka 80, ambaye huwa hacheki hata siku ya Idi, kaliondoa jino la bandia ili acheke vizuri.

Mzee wangu alichukuliwa mgambo kutoka Kilosa hajawahi hata kuiona Dodoma. Katembea kwa miguu mpaka Masaka. Ana chuma pajani mpaka leo, mvua ikikaribia anaijua kabla ya mamlaka ya hali ya hewa. Nishani yake iko kwenye kopo la biskuti, imefungwa kipande cha kanga. Halafu mtu ambaye vita yake kubwa maishani ni kugombea siti ya dirishani anasema BEGI!

Na alivyojifuta zile sharubu. Angesema bila kujifuta sharubu ningemsamehe.

Kashata Baridi:

Naweka kiti hapa. Muuza kahawa, mimina.

Binti Temeke:

Mleta mada, pole. Ila "na mgeni tunaye" nimecheka mpaka mtoto kaamka.

Mzee wa Faili:

Tuweke mambo sawa. Kama vita ilikuwa ya Obote, mbona Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 aliyeapishwa kuwa rais ni Yusuf Lule? Na alichaguliwa kwenye mkutano wa Waganda wenyewe pale Moshi, mwezi Machi. Akaja Binaisa. Obote karudi madarakani kwa uchaguzi wa Desemba 1980. Mwaka na miezi minane baadaye!

Kapuku Mstaafu:

@Mzee wa Faili kwa hiyo begi lilipitia Moshi, likabadilisha gari. Si limefika?

Mtoto wa Mgambo:

@Kapuku Mstaafu wewe ndiye yule wa kapelo?? Sema ukweli.

Kapuku Mstaafu:

Mimi sina hata kofia. Nauliza tu. Septemba 1972 watu wa Obote walivuka mpaka kutokea huku kwetu kwenda kumpiga Amin, wakapigwa wao. Hiyo nayo Amin alikuwa ameingia Kagera? Mwalimu hakumtambua Amin hata siku moja, na simlaumu, lakini msiniambie hamu ya kumtoa ilianza kwenye daraja la Kyaka.

Mzee wa Faili:

Hamu ni kitu kimoja, sababu ni kingine. Hata mimi nina hamu ya kumpiga jirani yangu tangu 2015, lakini nasubiri aruke ukuta.

Gongolamboto Sugu:

Kwenye kikao cha OAU, ule umoja wa nchi za Afrika, pale Monrovia, Julai 1979, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walimlaumu Mwalimu kwa kuingia nchi ya mwenzake. Kumbe wa kapelo ana wenzake ikulu huko.

Mwana wa Kyaka:

Nyie watu wa Dar mnajadili begi. Bibi yangu alivuka Kagera usiku kwa mtumbwi, ana sufuria moja na kuku mmoja, na kuku amefungwa mdomo asilie. Daraja askari wa Amin walilivunja. Aliporudi hakukuta bati, hakukuta mlango, hakukuta ng'ombe hata wa dawa. Hata vitasa waling'oa. Mlango umeshauchukua, kitasa utafungia nini? Sasa mwambieni huyo wa kapelo aje Kyaka aseme kwamba tungeishia mtoni tumsubiri nduli arudi tena Krismasi.

Binti Temeke:

Kuku kufungwa mdomo 😭 Hapa sicheki tena.

Kashata Baridi:

Mleta mada swali la kizushi. Mzee alirudi na nini kutoka Kampala?

Mtoto wa Mgambo:

Chuma pajani. Nimeshasema.

Kashata Baridi:

Na?

Mtoto wa Mgambo:

Na redio ya kaseti. ALIINUNUA.

Kapuku Mstaafu:

Risiti?

Mtoto wa Mgambo:

Vitani kuna risiti? Msinitoe kwenye mada. Mada ni sharubu, yaani mada ni begi.

Gongolamboto Sugu:

Kwa hiyo begi alibeba, ila la redio 🤣🤣

Mama Wawili:

Mimi hasira zangu ziko kwenye miezi 18. Baada ya vita tuliambiwa tufunge mkanda miezi 18 uchumi ukae sawa. Nilikuwa binti mdogo, napanga foleni ya sabuni na jiwe langu, unaweka jiwe kushika nafasi. Siku moja nimerudi nimekuta jiwe langu limesogezwa nyuma ya mawe tisa. Aliyelisogeza namjua, yuko hai, anaimba kwaya. Sijamsamehe.

Mzee wa Faili:

Mama, fungua uzi wako. Huo ni uhaini kamili.

Mpangaji Mnyonge:

Mleta mada una bahati umetukanwa kijiweni ukaondoka. Mimi baba mwenye nyumba anasema alikuwa Lukaya kule Uganda, alikimbiza Walibya waliokuja kumsaidia Amin. Sawa, heshima yake. Lakini nikimwambia choo kimeziba, Lukaya hatukuwa na choo. Bati linavuja, Lukaya tulilala kwenye tope. Kodi ikichelewa siku mbili ndipo vita inaisha, anataka fedha taslimu ya miezi sita.

Binti Temeke:

Wangu hakwenda vita yoyote na choo kimeziba vilevile. Wapangaji saba, luku moja, na kuna mmoja anapika maharage kwa jiko la umeme usiku wa manane. Harufu tunaisikia!

Mama Wawili:

Maharage kwa umeme? Huyo auawe. Natania, mods.

Gongolamboto Sugu:

Kwetu choo kina kufuli, ufunguo anao mtu anayefanya kazi zamu ya usiku.

Mtoto wa Mgambo:

Wakuu, turudi kwenye begi. Kesho saa kumi na moja nakwenda tena pale kijiweni, nabeba lile kopo la biskuti na nishani ndani. Namwambia nini?

Mpangaji Mnyonge:

Begi gani?

Kashata Baridi:

Mlipie vile vikombe sita kwanza, atakusikiliza.

Gongolamboto Sugu:

@Binti Temeke hapo kwenu kuna chumba kinatoka mwezi huu? Mimi maharage sipiki.