Bustani ya umma, kupiga picha ni shilingi elfu ishirini? Kampala mnatuchosha!

Wakuu, mnisamehe lugha, nimekasirika.

Shangazi yangu amekuja kutoka Bukoba, kapita mpakani Mutukula na basi la asubuhi. Mtu mzima, magoti yanamsumbua, na ombi lake lilikuwa moja tu: akae mahali patulivu aione Kampala na vilima vyake. Nikampeleka kwenye bustani moja ya zamani pale mteremko wa Nakasero. Ukikaa pale unauona mji ukishuka mpaka Nakivubo halafu unapanda tena, Kibuli na Nsambya kushoto, Old Kampala na Namirembe kulia. Mandhari ni ya kweli, hapo sina ugomvi.

Ugomvi ulianzia getini. "Mnaenda kwa nani?" Kwa nani tena, bwana? Tunaenda bustanini! Jina kwenye daftari, namba ya simu, mkoba wa shangazi ukamwagwa mezani. Ndani kulikuwa na pakiti ya senene za kukaanga alizoniletea. "Chakula cha nje hakiruhusiwi, mama." Zikabaki kwa askari. Tulipotoka, pakiti ilikuwa imefunguliwa na jamaa anatafuna bila haya, mafuta mpaka kwenye daftari la wageni.

Ndani, majani hayakanyagwi. Benchi lenye kivuli limeng'oka mbao, misumari iko nje. Tukasimama. Shangazi akajiweka sawa kitenge, nikainua simu, simu ya kawaida wakuu, si kamera ya harusi, mara askari wa pili huyo mbio: "Weka simu chini! Picha ni elfu ishirini." Naomba risiti. Hakuna. Bei imeandikwa wapi? "Ni amri ya wakubwa." Juu ya mti kaloli, wale korongo wakubwa wa mjini, wamejaa, wanatunyea sote, hao hawaulizwi kitu.

Sikatai kulipa. Nenda Old Kampala ukapande mnara wa msikiti mkuu: unalipa, unapewa mtu wa kukuongoza, wanawake wanaazimwa nguo za kujistiri, na ukifika juu unauona mji mzima. Hapo pesa yako unaiona imefanya kazi. Hii ya kulipia hewa na jua ni nini?

Na isionekane ni bustani moja tu. Uwanja wa Katiba, ule ulio mbele ya Mahakama Kuu, baada ya maandamano ya "Walk to Work" mwaka 2011, watu walipotembea kwa miguu kwenda kazini kupinga bei kupanda, polisi waliukalia miaka na miaka, raia akawa anautazama kutoka barabarani kama mali ya mtu. Na mita chache kutoka bustani ile ya Nakasero kuna mnara wa Uhuru, kazi ya Gregory Maloba wa Kenya, mama anayemwinua mtoto juu, uliojengwa kwa ajili ya Uhuru wa 1962. Uhuru gani huo, kama kumpiga picha shangazi yako mpaka ujadiliane bei na askari?

Wanaosimamia bustani za mji huu, kama mnapita humu, jibuni: ada hiyo ilipitishwa na nani, na hela zinaingia akaunti gani?

Na wadau, kuna mahali hapa katikati mtu anaweza kukaa na mzee wake bila kupekuliwa? Tajeni haraka, shangazi anaondoka Jumatatu.