Mishipa ya tiba ya Kichina na tiba ya joto: vipimo vimeonyesha nini?

Mnyoosha_Viungo:
Habari za jioni, wanajukwaa. Mwaka jana nilimsindikiza mjomba wangu Guangzhou katika safari zake za biashara, na goti lilipomzidia tukaenda kwa tabibu wa kienyeji. Tabibu aliwasha kijiti kinene mfano wa sigara kubwa, kilichojazwa majani makavu yaliyotwangwa yakawa laini kama sufi, akakishika umbali wa vidole viwili juu ya ngozi, akikung'uta majivu kila yalipojikusanya, mpaka ngozi ikawa nyekundu. Mjomba aliinuka akisema goti limelegea. Tulielezwa kuwa joto limepita katika mshipa wa tumbo, ambao huteremka mguuni hadi kidole cha pili. Mimi nimesomea fiziotherapia na nimepasua maiti darasani. Mshipa huo sikuuona. Je, kuna aliyeupima? Na kama haupo, goti lililegezwa na nini?

Msoma_Hati:
Ndugu, tuanze na neno lenyewe. Wachina husema *mai*, neno ambalo, kama "mshipa" wetu, limebeba mengi: sisi twasema mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, na hata ngiri twaiita mshipa. Mwaka 1973, katika kaburi la Mawangdui mjini Changsha, lililofungwa mwaka 168 KK, zilipatikana hati za hariri zinazotaja njia 11 za namna hiyo, na tiba yake ni kuchoma kwa moto tu, sindano za kudungwa kwenye mishipa hiyo hazitajwi. Mishipa 12 inayofundishwa leo ni ya Huangdi Neijing, kitabu cha kale cha tiba ya Kichina. Idadi iliyobadilika hivyo yanitia shaka kama kweli waandishi walikuwa wakichora kile walichokikuta ndani ya mwili.

Daktari_Mstaafu:
Waliojaribu kuupima wapo. Katika miaka ya 1960, mtafiti Kim Bong-han wa Korea Kaskazini alitangaza kuwa ameona vijineli vya mishipa hiyo kwa hadubini, kisha kazi yake ikanyamaza ghafla. Mwaka 1985, watafiti wa Ufaransa walidunga teknetiamu yenye mnururisho kwenye vituo vya sindano, yaani sehemu za mwili ambazo tiba ya Kichina hudunga, wakaiona ikipanda kwa mstari. Wengine walipoirudia kazi hiyo walikuta ni vena tu zinazoirudisha damu. Ninaloliheshimu zaidi ni la mtafiti Helene Langevin na mwenzake, mwaka 2002, waliokuta kuwa asilimia 80 ya vituo vya mkono viko juu ya tando zinazotenganisha misuli. Hata hivyo, mkono umejaa tando hizo.

Kuhusu goti, sioni kwamba joto linahitaji mshipa wa tumbo. Ngozi ina vipokezi vya joto, kikiwemo TRPV1 ambacho huamka kwenye nyuzi 43 hivi, na ugunduzi wake ulimpatia David Julius sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Joto hutanua mishipa midogo ya damu na kulegeza misuli; bibi zetu waliowakanda wazazi kwa maji ya moto walilijua hilo bila kuchora mstari wowote.

Mkunga_B:
Naongeza la fani yangu. Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti wa Jiangxi wenye wajawazito 260 ambao watoto wao walitanguliza matako. Nusu walichomewa majani hayo, ya jamii ya pakanga, kando ya ukucha wa kidole kidogo cha mguu, ambako tiba hiyo husema mshipa mwingine huishia. Kufikia wiki ya 35, asilimia 75.4 ya watoto wao walikuwa wamegeuka, dhidi ya 47.7 ya wenzao. Utafiti kama huo nchini Italia, uliochapishwa mwaka 2005 na kukatishwa ukiwa na wanawake 123, ulipata asilimia 34 dhidi ya 36. Angalieni, lakini: katika tafiti zote mbili wenzao hawakuchomewa popote. Ili kuupima mshipa, ilipasa kundi jingine lipate joto lile lile kwenye kidole kingine.

Mnyoosha_Viungo:
Nashukuru sana, wakubwa zangu. Mjomba ameshaagiza boksi zima la vijiti, na yeye ni mgonjwa wa kisukari.

Daktari_Mstaafu:
Basi mwambie asijichomee mwenyewe, maana kisukari huweza kutia miguu ganzi. Mfumbe macho, umguse nyayo kwa pamba. Asipohisi pamba, hatahisi anapoungua.