Nina miaka 16, nipo chuo, nimepata 41

kalamu_kavu:
Shikamooni wakubwa. Nilirushwa madarasa mawili, sasa nasoma hisabati mwaka wa kwanza na watu wenye ndevu. Kaka yangu ana miaka 19, naye ni mwaka wa kwanza, chuo kingine. Kila Jumapili jioni baba anatupigia wote wawili kwa pamoja, anaweka spika, nyumba nzima inasikia: “Haya profesa, tusomee alama.” Nikimaliza: “Kaka mtu, umesikia?” Kaka hajibu tena hata meseji zangu.

Juzi nimepata 41 kwa 100. Swali la kwanza lilitaka tuthibitishe kwa epsiloni na delta (epsiloni ni umbali wa x² kutoka 9 unaoruhusiwa, delta ni umbali wa x kutoka 3 unaotosha) kwamba kikomo cha x², yaani thamani inayoikaribia, ni 9 x ikikaribia 3. Niliandika “ni dhahiri”. Mhadhiri amelizungushia wino mwekundu na kuandika: “Kwa nani?” Sijawahi kufeli kitu. Karatasi nimeificha ndani ya soksi. Jumapili nisemeje?

kiti_cha_nyuma:
Pole mdogo wangu. Shuleni ukiona jibu umemaliza. Hapo wanataka njia. Chukua delta iwe ile iliyo ndogo zaidi kati ya 1 na epsiloni/7. x²-9 ni (x-3)(x+3). x ikiwa kati ya 2 na 4, x+3 haifiki 7, kwa hiyo umbali wa x² kutoka 9 haufiki 7 mara delta, yaani haufiki epsiloni, basi imeisha. Mpelekee mhadhiri karatasi hiyo hiyo (itoe kwenye soksi kwanza).

mama_wawili:
Mwanangu, mimi ndiye huyo baba yako. Nilikuwa nawasomea wanangu alama mbele ya wenzao, nikidhani nawatia moyo. Mkubwa akaanza kula chumbani. Usingoje Jumapili. Mpigie katikati ya wiki, akiwa peke yake, umwambie 41 na umwombe azime spika. Habari za kaka yako usizibebe, mwachie azungumze mwenyewe.

msomaji_tu:
Ruth Lawrence, yule Mwingereza wa hisabati, aliingia Chuo Kikuu cha Oxford 1983 akiwa na miaka 12, baba yake akiingia naye kwenye mihadhara. Wako yuko kwenye simu tu, shukuru.

kalamu_kavu:
Hahaa, asanteni. Baba nitampigia kesho, tumbo linauma tayari. Lakini jana usiku nilimtumia kaka picha ya karatasi, na ule wino mwekundu wote. Miezi mitatu ya kimya, halafu akajibu ndani ya dakika moja: “41? Karibu.”