Mwasmini una miezi mitano hauna hata tumba, na harusi ni Desemba. Nisaidieni

BintiPangani (Tanga)
Assalaam aleikum, habari za saa hizi jamani. Mwezi Machi masika yalipoanza, shangazi alinikatia matawi matatu ya mwasmini kwake, nikayachomeka ubavuni mwa nyumba, karibu na mwembe. Yote yalishika. Sasa ni mwisho wa Agosti, majani yamenona, matawi yamerefuka mpaka yanaegemea ukuta, ila ua sijaona hata moja. Samadi ya kuku naweka kila baada ya wiki mbili. Nina na bogonvilia tangu mwaka jana, nayo majani matupu.

Kinachonikosesha usingizi ni kwamba mdogo wangu anaolewa tarehe 12 Desemba, hapa hapa nyumbani. Mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema binti zake hawataolewa kwa asmini za kununua. Naombeni mnieleze, maua huchukua muda gani tangu kupandwa hadi kuchanua? Nimeshachelewa?

Mzee_wa_Viriba (Dar)
Hujachelewa mwanangu. Nauza miche barabarani mwaka wa kumi na moja huu, na swali hili naulizwa kila siku. Maua ya mbegu unaweza kuyahesabia siku. Zinia huota ndani ya wiki moja na kuchanua kati ya wiki 8 na 10. Kosmosi wiki 7 au 8, na huku kwetu huwahi kwa sababu hupenda siku fupi, ambazo Ulaya huzisubiri mpaka kiangazi chao kiishe. Marigodi fupi ni wiki 8 hivi, zile ndefu zenye vichwa vikubwa huvuka miezi mitatu.

Mti uliotokana na tawi ni habari nyingine. Huo kwanza unatafuta mizizi, ukishapata ndipo unaangalia kama jua lipo. Hebu niambie, hapo penye mwembe jua linapiga saa ngapi hadi saa ngapi?

BintiPangani
Asubuhi mpaka kama saa tatu na nusu, Mzee. Baada ya hapo ni kivuli mpaka magharibi.

Mama Kilua (Unguja)
Basi mwanangu ushajijibu. Asmini bila jua la muda wa saa sita au zaidi kwa siku itakupa majani tu. Na hiyo samadi ya kuku ndiyo inayozidi kuunonesha, maana ina nguvu nyingi ya kukuza majani. Isimamishe leo. Punguza matawi ya mwembe upande ule, usiung'oe mwasmini, maana ukiung'oa sasa utaanza upya kutafuta mizizi.

Halafu nisikilize vizuri hapa. Asmini hutoa maua kwenye machipukizi mapya. Wangu naupogoa ncha zote, kila tawi nalipunguza kama theluthi, kisha namwagilia asubuhi. Baada ya mwezi mmoja na nusu hivi matumba yanatoka kwa vishada vya matatu matatu. Wewe upogoe karibu na tarehe 25 Oktoba. Usiwahi sana, maua yakaisha kabla ya harusi. Na ukiweza, mmoja upogoe wiki moja kabla ya mingine, ili ukikosea hesabu usikose yote.

Waridi_Naivasha
Naongezea kidogo, nilifanya kazi kwenye mashamba ya waridi miaka minne. Hata sisi hatukuwa tunahesabu tangu kupanda, tulikuwa tunahesabu tangu kukata. Ukikata tawi la waridi, ua linalofuata linakuja baada ya wiki 6 hadi 8, baridi ikizidi linachelewa. Alichosema Mama Kilua ndicho.

Lushoto_Juu
Mimi niko huku kwenye baridi, zinia zangu zimewahi kufika wiki 12. Wewe uko Tanga mjini kwenye joto, shika hesabu ya Mzee.

Mzee_wa_Viriba
Kweli. Kwa hiyo binti, mapambo ya uani yatoke kwenye zinia. Panda mbegu palepale zitakapokaa, mstari wa kwanza tarehe 26 Septemba, wa pili tarehe 3 Oktoba, wa tatu tarehe 10. Miche ikifika urefu wa kiganja, kata ncha ya katikati. Utachelewa siku chache, lakini itatoa matawi mengi. Siku ya kukata, shika kikonyo sentimita 20 chini ya ua ukitikise. Kichwa kikiyumba kama shingo ya kifaranga, liache. Kikiwa kigumu, kata, halitanyauka chomboni.

Bogonvilia usiipe samadi wala maji ya kila siku. Iache mpaka majani yaanze kulegea ndipo umwagilie. Zile rangi unazoziona ni majani, ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati, na mti huu ukistareheshwa hauoni haja ya kukatoa.

BintiPangani
Mwembe tumeupunguza jana na kaka yangu, jua sasa linafika mpaka saa tisa. Nimelia kidogo, mwembe ule alipanda mama. Mungu awalipe.

BintiPangani (tarehe 4 Desemba)
Jamani! Zinia za mstari wa kwanza zimejaa. Bogonvilia bado imegoma. Lakini mwasmini niliowahi kuupogoa umetoa matumba, leo nimehesabu 41, na ile miwili imeanza. Mama Kilua, siku yenyewe nichume saa ngapi?

Mama Kilua (Unguja)
Alhamdulillahi, mwanangu. Chuma saa kumi na moja jioni, yakiwa meupe kabisa na yamefumba. Yenye ukijani yaache. Yaweke kwenye sinia, yafunike kitambaa kibichi, kisha mtunge kabla ya isha. Yatafunguka yenyewe kichwani mwake.