Jina la mkulima linageuka takataka kwenye risiti: msaada wa stringi (maandishi), Lua ndani ya C

MwanaHombolo
Wakuu, habari za jioni. Nimekwama siku ya nne sasa na msimu wa zabibu ndio huo unabisha hodi.

Huku Hombolo, Dodoma, kuna kikundi cha wakulima. Wakati wa mavuno wanaleta kreti kituoni, zinapimwa, mkulima anaondoka na risiti yake. Programu ya kituo niliandika mwenyewe kwa lugha ya C: inasoma mizani kupitia waya na kuongoza printa ndogo ya risiti. Ndani yake nimepachika Lua 5.4, lugha ndogo ya skripti, ili bei na makato vikae kwenye skripti. Bei ikibadilika sina haja ya kupanda daladala kwenda kukompaili upya, natuma kifaili kwa simu wanakibandika.

Msimu uliopita ilipiga kazi bila kelele. Wiki hii tumeanza majaribio, risiti kama ishirini za mwanzo safi kabisa, halafu majina yanaanza kuharibika. Juzi bibi mmoja alivaa miwani, akaisoma yake taratibu, akaniuliza: "Mjukuu wangu, huyu 'Kilo 38 x be' ndiye nani?" Hapo ndipo lilitakiwa kukaa jina lake. Nilitamani ardhi inimeze.

Sehemu yenyewe ni hii:

```
lua_getglobal(L, "maelezo_mkulima");
lua_pushinteger(L, namba);
lua_pcall(L, 1, 1, 0);
jina = (char *)lua_tostring(L, -1);
lua_pop(L, 1);
herufi_kubwa(jina);
malipo = hesabu_malipo(L, kilo);
chapisha(jina, kilo, malipo);
```

Nilidhani labda kumbukumbu inavuja, nikaongeza `free(jina)` mwishoni. Programu ikafa papo hapo, nikaitoa.

Kuna na kero nyingine, sijui kama zinahusiana. Skripti inatunga amri za printa, ikiwemo ya kukata karatasi, lakini karatasi haikatwi. Na kila risiti kuanzia ya pili inatoka na alama ya @ juu kabisa. Nimebadilisha waya, bado.

Jobless_Nkuhungu
Mkuu, kitabu cha risiti na kaboni ni bei ya soda mbili tatu. Hakina pointa.

FundiKibaigwa
Usimsikilize huyo. Mimi naona tatizo lako ni printa au umeme. Stringi fupi kwenye Lua, zisizozidi baiti 40, zinawekwa kwenye jedwali moja la pamoja, kila neno nakala moja tu. Zikishaingia mle hazitoki. Kwa hiyo jina la mkulima haliwezi kupotea upande wa Lua. Angalia adapta ya printa kwanza, huku kwetu umeme ukiyumba vifaa vinafanya maajabu.

DadaWaAreaC
Habari MwanaHombolo. Kabla hujanunua adapta, nijibu swali moja: tangu msimu uliopita umebadilisha nini? Hata kama ni kitu kidogo.

MwanaHombolo
Dada, upande wa C sijagusa hata mstari mmoja, naapa. Kwenye skripti tu, wakulima waliomba risiti ionyeshe na kijiji. Zamani ilikuwa:

`return wakulima[n].jina`

Sasa ni:

`return wakulima[n].jina .. " - " .. wakulima[n].kijiji`

DadaWaAreaC
Basi tumempata. Kosa lilikuwepo tangu mwanzo, msimu uliopita lilikuwa limelala tu.

Fuata nami. `lua_tostring` haikupi stringi iwe yako. Inakupa pointa, yaani anwani ya kumbukumbu, inayoelekea ndani ya nyumba ya Lua. Ahadi yake ni hii: pointa ni salama maadamu ile stringi ipo kwenye staki, lile rundo ambalo C na Lua wanapeana vitu. Wewe mstari unaofuata umeita `lua_pop`, umeiondoa. Ni sawa na kurudisha ufunguo wa gesti mapokezi halafu utegemee begi lako litakaa chumbani mpaka urudi. Linaweza likakaa. Mpaka aje mgeni mwingine.

Msimu uliopita ulikuwa unarudisha jina lililomo kwenye jedwali la `wakulima`. Hata ukilitoa kwenye staki, jedwali bado linalishika, mzoa taka wa Lua (garbage collector, anayefuta visivyoshikwa na mtu) anapita bila kuligusa. Sasa unaunganisha jina na kijiji, na kuunganisha kunazaa stringi mpya. Hiyo mpya haimo kwenye jedwali lolote. Mshikaji wake pekee ni staki. Ukishaita `lua_pop`, haina mwenyewe. Mzoa taka akipita wakati wowote Lua inapoomba kumbukumbu, anaibeba, na nafasi yake anapewa mwingine. Hapigi mzunguko kila sekunde, ndiyo maana risiti ishirini za mwanzo zinatoka vizuri.

Tena risiti ya yule bibi imeshasema kila kitu. Umemwita `herufi_kubwa` kabla ya kuchapisha, sivyo? Mbona "Kilo 38 x be" imetoka kwa herufi ndogo? Maana yake maandishi hayo yameandikwa pale BAADA ya `herufi_kubwa`, yaani ndani ya `hesabu_malipo`. Naweka dau kwamba hiyo funksheni inaita skripti inayotunga mstari unaoanza na "Kilo".

MwanaHombolo
Dada umenitoa jasho. Ndiyo, inatunga "Kilo 38 x bei..." kwa ajili ya mstari wa tatu wa risiti. Neno kwa neno.

FundiKibaigwa
Sawa kwa hiyo ndefu, lakini jina pamoja na kijiji mara nyingi halifiki baiti 40. Hiyo ni stringi fupi. Nasimama palepale.

DadaWaAreaC
Fundi, kuwepo kwenye lile jedwali la pamoja hakuizuii kuzolewa. Jedwali linasaidia Lua isitengeneze nakala mbili za neno moja, basi. Stringi isiyoshikwa na mtu inaondolewa na humo pia. Ingekuwa hazitoki, programu inayotunga stringi fupi kutwa nzima ingejaza kumbukumbu kabla ya adhuhuri.

Ila umenikumbusha jambo zito zaidi. MwanaHombolo, hiyo `(char *)` umeiweka ya nini?

MwanaHombolo
Kompaila ilikuwa inalalamika kuhusu const (alama ya kitu kisichoruhusiwa kubadilishwa), nikaiweka inyamaze.

DadaWaAreaC
Ilikuwa inakuombea heri, wewe ukaiziba mdomo. Stringi ya Lua haibadilishwi. `herufi_kubwa` yako inaandika juu ya mali ya Lua, na kwa zile fupi kuna nakala moja inayotumiwa na kila mtu. Ukiigeuza "Neema" kuwa "NEEMA" pale ilipokaa, umeigeuza kwa wote. Kama neno hilo ni ufunguo wa jedwali fulani, skripti ikitafuta "Neema" inaambulia nil, yaani hakuna kitu, wakati wewe unamwona kwenye faili kabisa. Mdudu wa namna hiyo unaweza kuutafuta mpaka mvua za masika. Haikuwahi kukutokea?

MwanaHombolo
Duh. Msimu uliopita ripoti ya mwisho wa siku ilikuwa inatoa majina ya waliokwishapima kwa herufi kubwa na ambao hawajapima kwa herufi za kawaida. Mweka hazina alinisifia, akasema nimeweka alama nzuri ya kutofautisha. Nikanyamaza nikapokea sifa.

Jobless_Nkuhungu
😂😂😂 Usirekebishe hiyo, hiyo ni huduma.

DadaWaAreaC
Nimecheka peke yangu kwenye daladala. Haya, dawa. Kwa kuwa wewe unataka kubadilisha herufi, fanya nakala yako:

```
const char *s = lua_tostring(L, -1);
char jina[96];
snprintf(jina, sizeof jina, "%s", s ? s : "HAJULIKANI");
lua_pop(L, 1);
```

Baada ya hapo `jina` ni lako, libadilishe utakavyo. Usisahau ile `s ?`, maana `lua_tostring` inarudisha NULL ikikuta nil au jedwali. Na matokeo ya `lua_pcall` huyakagui kabisa; skripti ikigonga mwamba, kilicho juu ya staki ni ujumbe wa kosa na wewe utauchapisha kama jina la mtu.

Kama usingekuwa unabadilisha herufi, ungeweza kuiacha stringi kwenye staki, ukachapisha, ndipo ukaitoa. Na ile `free` isahau. Hukuiomba kwa `malloc`, huwezi kuirudisha wewe.

Mzee_wa_Manyoni
Mbukwenyi wote. Nimechelewa kuuona uzi, ila hilo la printa naona hakuna aliyeligusa.

Kijana, amri ya kukata karatasi kwenye printa nyingi za risiti ni baiti tatu: 29, 86, na sifuri. Kwenye skripti bila shaka umeandika "\29V\0". Upande wa C unaipelekaje?

MwanaHombolo
Shikamoo mzee. Ni hivi:

`write(printa, amri, strlen(amri));`

Mzee_wa_Manyoni
Marahaba. Ndipo hapo. Kwa C, sifuri ni mwisho wa maneno. Kwa Lua, sifuri ni baiti kama baiti nyingine, stringi inabeba urefu wake yenyewe. Skripti yako inatoa baiti tatu, `strlen` inahesabu mbili. Printa inapokea 29 na 86, inakaa kimya inasubiri ya tatu. Haikati.

Sasa risiti inayofuata. Nadhani unaanza kila risiti kwa kuiamsha printa, yaani 27 na 64. Ile 27 inamezwa kama baiti ya tatu ya amri ya risiti iliyopita, printa haiielewi, inaitupa. Inabaki 64 peke yake. Na 64 ni herufi gani? Ni @. Hiyo ndiyo inayokaa juu ya risiti zako kuanzia ya pili.

Tumia `lua_tolstring(L, -1, &urefu)` na uandike kwa huo urefu. Na njia ya kurudi ni vilevile: baiti kutoka kwenye mizani ukizipeleka Lua kwa `lua_pushstring` zitakatwa kwenye sifuri ya kwanza. Weka `lua_pushlstring` na idadi uliyosoma. Hii yenyewe inatengeneza nakala ndani ya Lua, kwa hiyo bafa yako (sehemu unayopokelea baiti) unaweza kuitumia tena bila hofu.

FundiKibaigwa
Mzee nimevua kofia. Na Dada pia, nimejaribu kwangu, stringi fupi kweli zinazolewa.

Nichangie na mimi kitu ambacho kiliwahi kunila wiki nzima: ukizunguka jedwali kwa `lua_next`, usiite `lua_tostring` juu ya ufunguo. Ikikuta namba inaibadilisha kuwa stringi palepale kwenye staki, halafu `lua_next` inapotea njia. Sukuma nakala kwanza kwa `lua_pushvalue`. Na `lua_isstring` inakubali hata namba, ukitaka uhakika tumia `lua_type`.

Ili usisubiri risiti ishirini kila unapojaribu, weka `lua_gc(L, LUA_GCCOLLECT, 0)` baada ya kila `lua_pop`, wakati wa majaribio tu. Mzoa taka anapita hapo hapo, kilicholegea kinaanguka mbele ya macho yako. Pia kompaili na `-fsanitize=address`, inanasa makosa ya kumbukumbu.

MwanaHombolo
Wakuu, mrejesho. Nilianza na ya Fundi bila kurekebisha chochote: risiti ya kwanza kabisa, jina takataka. Nikaweka nakala ya Dada, nikapima kreti moja mara mia mbili (nimemaliza karatasi ya kituo, mweka hazina hajajua), majina yote yamekaa. Printa inakata, @ imeondoka.

Limebaki moja. Mkulima wa Chang'ombe, kijiji chake kinatoka na vialama vya ajabu katikati. Wengine wote sawa.

DadaWaAreaC
Nani aliingiza jina hilo, na kwa kifaa gani?

MwanaHombolo
Katibu, kwa simu yake.

DadaWaAreaC
Simu imeweka ile koma ya juu iliyopinda. Kwa UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi kwa baiti) hiyo ni baiti tatu, printa yako inazisoma kama alama tatu tofauti. Piga `#`, inayohesabu baiti, kwenye Lua: Chang'ombe ya kawaida ni 10, hiyo yako itakupa 12. Ibadilishe kwa `gsub` wakati wa kupakia orodha.

MwanaHombolo
12. Kesho asubuhi nampelekea bibi risiti yake mpya.