Mjadala: Wenye haibridi wa Mtwara na Lindi, je, tuhamie magari ya umeme pekee?

Mkazi wa Shangani: Ndugu zangu wa Kusini, nawasalimu. Ninaendesha Toyota Prius iliyotumika Japani, gari la haibridi, yaani lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, na kila ninapokutana na wenzangu kutoka Dar es Salaam huniambia kwamba haibridi imepitwa na wakati na kwamba mwenye akili hununua gari la umeme pekee. Sikubaliani nao. Gari langu halichomekwi popote, kwa kuwa betri yake hujazwa na injini pamoja na nguvu inayopatikana gari linapofunga breki, hivyo umeme wa nyumbani ukikatika usiku kucha, asubuhi ninawasha na kuondoka. Nissan Leaf za mwanzo, zilizoingia sokoni mwishoni mwa mwaka 2010, zilikuwa na betri ya uniti 24 tu za umeme, na Marekani zilikadiriwa kwenda kilomita 117 zikiwa mpya. Betri ya gari kama hilo ikishachoka, haitanifikisha Lindi mjini kwa chaji moja, sembuse Dar es Salaam iliyo zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa Mtwara. Nitachajia wapi njiani, Somanga au Nangurukuru? Labda wanaopenda kuiga Dar es Salaam wana jibu.

Binti wa Ruangwa: Kaka, hoja ya umbali ni ya haki, lakini hilo neno la kuiga sitaliacha lipite. Mwaka 2024 Ethiopia ilizuia kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Je, nao waliiga Dar es Salaam? Kinywe (grafiti) kinachochimbwa hapa Ruangwa ndicho madini yanayotengenezewa upande hasi wa betri za lithiamu, kwa hiyo gari la umeme linatuhusu sisi kabla halijawahusu matajiri wa Masaki kule Dar es Salaam. Isitoshe, umechagua gari dhaifu kuliko yote ili upate ushindi rahisi, ilhali magari ya siku hizi huenda kilomita 300 na zaidi.

Fundi wa Masasi: Dada yangu, kuchimba kinywe si kumiliki betri. Korosho zetu kwa miaka mingi zimesafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam, na hakuna aliyesema kwamba kwa sababu hiyo tunakula korosho nyingi kuliko Wahindi. Ninarudi kwenye gari. Leaf hizo hazina mfumo wa maji wa kupoza betri, na mwaka 2012 wamiliki wa Arizona, jimbo lenye joto kali la Marekani, walilalamika kwamba uwezo wa betri zao umeshuka mapema mno. Joto la huku tunalijua. Haibridi ikiharibika, ninaifungua injini ninayoifahamu. Gari la umeme lina nguvu ya volti mia kadhaa inayoweza kuua, na vifaa vya kupimia mfumo huo sina. Wanaotuhimiza tuhame watufundishe kwanza.

Mzee wa Mikindani: Wanangu, nimewasoma wote kwa makini, na kilichoniumiza ni kusikia kijana wa Shangani akitaja kukatika kwa umeme kana kwamba ni jambo tuliloumbwa nalo. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ya Mnazi Bay mwaka 1982, zote huku kwetu Kusini. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliingia barabarani kupinga bomba la kupeleka gesi hiyo Dar es Salaam, watu walipoteza maisha, na mwaka 2015 bomba hilo lilizinduliwa. Leo mnakaa mkiulizana kama Kusini kuna umeme wa kutosha kuchaji gari! Petroli tunayochoma huja kwa meli kutoka ng'ambo na sehemu kubwa ya nishati yake hupotea kama joto ndani ya injini, wakati gesi iko hapa Madimba na ingeweza kuzalisha umeme wa kuendesha magari yetu wenyewe.

Mkazi wa Shangani: Mzee wangu, shikamoo. Sikuuliza habari za bomba, na sikusema tumeumbwa na giza. Umeme wa gesi hiyo, hata ukiongezewa megawati 2,115 za bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, haunisaidii nikiwa njiani na betri imekwisha. Mei 2024 barabara ilipokatika maeneo ya Somanga wakati wa kimbunga Hidaya, magari yalikwama hapo. Mwenye petroli angeweza kuletewa dumu, lakini umeme haubebwi kwenye dumu.

Mzee wa Mikindani: Marahaba. Lakini huwezi kuliondoa bomba katika mazungumzo haya, kwa sababu hilo ndilo linaloeleza kwa nini unaogopa kukwama.

Binti wa Ruangwa: Ninamuunga mkono mzee, na kwa fundi ninasema hivi: umetaja korosho ili kuninyamazisha, kumbe umenipa hoja. Kinywe kikiondoka ghafi kama korosho, tutabaki kubishana kuhusu magari yaliyotumika ambayo wengine wameyachoka. Vyuo vya ufundi vya Lindi na Mtwara vifundishe kutengeneza mifumo hiyo ya volti kubwa, na mapato ya kinywe na gesi yajenge vituo vya kuchajia kuanzia Mtwara hadi Kibiti.

Fundi wa Masasi: Sikukunyamazisha, dada. Mafunzo hayo yakitangazwa, jina langu liwe la kwanza kwenye orodha, lakini mpaka siku hiyo mteja akiniuliza nitamwambia abaki na haibridi yake.